Mahekalu ya Kibudha Yaliyochongwa Mwambani: Namna ya Kuyazuru na Kuyaelewa

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mikono ya wanadamu imezifanya kwa ajili ya dini, ni chache zinazomshangaza mgeni kama mahekalu ya Wabudha yaliyochongwa ndani ya miamba. Mahekalu hayo hayakujengwa, bali yalichimbwa. Fundi hakuweka jiwe juu ya jiwe. Aliondoa mwamba hatua kwa hatua mpaka ukumbi, nguzo, dari na sanamu zikabaki mahali pake. Mahekalu ya namna hiyo yametapakaa kuanzia magharibi ya India, kupitia Afghanistan, hadi China.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mahekalu hayo yalivyotokea, jinsi yalivyochongwa, na yanavyopaswa kusomwa na mtu anayeyazuru. Tumechagua mapango ya Ajanta, katika jimbo la Maharashtra nchini India, yawe mfano wetu mkuu. Mengine tutayataja kwa kulinganisha.

Huenda mtu akauliza, jambo hili lina faida gani kwa mchungaji au mwanafunzi wa theolojia? Jibu ni kwamba wengi wetu tumejifunza Ubudha kutoka vitabuni tu. Tumekariri Kweli Nne na Njia yenye Sehemu Nane, tukafanya mtihani, tukafunga daftari. Lakini dini haikai katika orodha ya mafundisho peke yake. Hukaa pia katika majira ya mvua, katika njia za wafanyabiashara, katika mkono wa seremala na katika mfuko wa mfadhili. Mapango yanatuonyesha mambo hayo yote pamoja, na hatuna budi kuyaona pamoja ikiwa tunataka kusema neno la kweli juu ya imani ya jirani yetu.

1. Kwa nini mwambani?

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Buddha, yaani Aliyeamka, alifundisha kaskazini ya India yapata karne ya tano K.K. Watawa waliomfuata hawakuwa na makao ya kudumu. Walitembea kijiji kwa kijiji, wakiishi kwa chakula walichopewa. Lakini India ina majira ya mvua kubwa ambayo hufanya njia zisipitike. Tena, mtembezi wa wakati huo hukanyaga mimea michanga ya mashambani na viumbe vidogo vinavyotoka ardhini, na watawa hao walikuwa wameapa kutokudhuru chenye uhai. Kwa hiyo ikawekwa kanuni kwamba kwa muda wa miezi mitatu ya mvua mtawa akae mahali pamoja. Kanuni hiyo ndogo ilikuwa na matokeo makubwa. Watu wasio na nyumba walihitaji nyumba kwa sehemu ya mwaka, na kidogo kidogo makao ya mvua yakawa makao ya kudumu.

Wazo la kuchonga makao ndani ya mwamba halikuwa la Wabudha peke yao. Mapango ya kuchongwa yaliyo ya kale kuliko yote yaliyosalia India yako Barabar, katika jimbo la Bihar. Baadhi yake yana maandishi yanayosema kwamba yalitolewa na mfalme Ashoka katika karne ya tatu K.K. kwa ajili ya watawa wa Ajivika, madhehebu ambayo yalipingana na Wabudha na ambayo leo yamekwisha kabisa. Mfalme huyo huyo anakumbukwa kuwa mlinzi mkuu wa Ubudha. Hapa tayari tunapata onyo la kwanza: tusidhani kwamba kila dini ya kale ilijenga peke yake, mbali na nyingine.

Kutoka hapo kazi hii ilistawi zaidi magharibi, katika uwanda wa juu wa Deccan. Sababu moja ni mwamba wenyewe. Deccan imefunikwa kwa tabaka nene za basalti, yaani mwamba uliotokana na volkeno yapata miaka milioni 66 iliyopita. Mwamba huo ni mgumu, lakini tabaka zake zimelala sawasawa, na mito ilipoukata iliacha magenge yaliyosimama wima. Sababu ya pili ni biashara. Mapango mengi yako karibu na njia zilizoshuka milimani kuelekea bandari za Bahari ya Hindi. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza B.K., kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaeleza jinsi bidhaa zilivyosafirishwa kutoka miji ya bara ya Deccan hadi bandari ya Barygaza. Kitabu hicho hicho kinaeleza pia pwani ya Afrika Mashariki, ambayo kinaiita Azania, na soko lake la Rhapta. Basi bahari iliyowatajirisha wafadhili wa mapango hayo si ngeni kwetu.

2. Jinsi mwamba ulivyochongwa

Ajanta ni korongo la mto Waghora lililojipinda kama kiatu cha farasi. Genge lake lina kimo cha mita 76 hivi, na mapango 30 yamepangwa kuufuata mpindo huo. Yalichimbwa kwa vipindi viwili vilivyoachana sana. Kipindi cha kwanza kilianza katika karne ya pili K.K.; cha pili kilikuwa katika karne ya tano B.K., wakati wa utawala wa ukoo wa Vakataka. Kati ya vipindi hivyo zilipita karne kadhaa ambamo hakuna pango jipya lililoanzishwa.

Tunajua jinsi mafundi walivyofanya kazi kwa sababu mapango kadhaa hayakumalizwa. Pango la 24, ambalo lilikusudiwa kuwa miongoni mwa yaliyo makubwa kuliko yote, limebaki kama somo lililoachwa ubaoni. Mafundi walianzia juu, wakachonga dari kwanza, kisha wakashuka. Kwa njia hiyo sakafu ya mwamba ambao haujachimbwa ndiyo iliyokuwa jukwaa lao, wala hawakuhitaji kupanda juu ya miti ili wafikie dari. Walikata njia nyembamba kuingia ndani, wakaacha kuta za mwamba kati yake, kisha wakazibomoa kuta hizo. Mahali pa nguzo waliacha mwamba usimame. Vyombo vyao vilikuwa sururu, nyundo na patasi za chuma, na alama zake zinaonekana hata leo.

Kazi ya namna hii haina nafasi ya kusahihisha. Anayejenga kwa matofali akikosea huondoa tofali na kuweka jingine. Anayechonga nguzo kutoka mwambani akiikata mno hana cha kuirudishia. Kwa hiyo mpango wote wa hekalu ulipaswa kuwa umekamilika akilini kabla ya pigo la kwanza. Kielelezo kikuu cha jambo hili si cha Kibudha. Ni hekalu la Kihindu la Kailasa huko Ellora, lililochongwa katika karne ya nane, wakati wa mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Hekalu zima, pamoja na mnara wake na ua wake, lilitolewa katika mlima mmoja kuanzia kileleni kushuka chini.

3. Ukumbi wa ibada na nyumba ya watawa

Mgeni anayeingia Ajanta ataona aina mbili za mapango, na ni vema azitofautishe mapema.

Aina ya kwanza ni chaitya, yaani ukumbi wa ibada. Huu ni ukumbi mrefu wenye safu mbili za nguzo, na mwisho wake umeviringwa kama nusu duara. Katika mviringo huo husimama stupa, yaani kilima kidogo cha jiwe chenye umbo la kuba. Asili ya stupa ni kaburi: mapokeo husema kwamba baada ya mwili wa Buddha kuchomwa, mabaki yake yaligawanywa na kuwekwa ndani ya vilima vya udongo. Mwabudu hasimami tu mbele ya stupa, bali huizunguka, akiiweka upande wa mkono wake wa kulia. Ndiyo sababu nguzo zimeacha ujia pembeni na nyuma. Mgeni asiyejua hivyo ataona ukumbi unaofanana na makanisa ya kale ya Kirumi na kudhani kwamba watu walikaa katikati wakitazama mbele. Mfano wa jengo unafanana. Ibada iliyofanyika humo ni nyingine. Ukumbi huu ulifanywa kwa ajili ya miguu inayotembea.

Aina ya pili ni vihara, yaani makao ya watawa. Katikati kuna ukumbi wa mraba, na kuta zake zimetobolewa milango ya vyumba vidogo. Pango la 12, ambalo ni la kipindi cha kwanza, lina vyumba 12, kila kimoja na vitanda viwili vya mawe. Hakuna pambo kitandani, wala dirisha chumbani. Hapa mtawa alilala wakati mvua ikinyesha bondeni.

Jambo moja huwashangaza wageni wengi. Dari za kumbi za ibada zina mbavu zilizopinda, kama za paa la mbao, ingawa mwamba hauhitaji mbavu ili usimame. Mafundi walikuwa wakiiga majengo ya miti waliyoyazoea, ambayo yote yameoza na kupotea. Huko Karla, kusini mashariki ya Mumbai, ambako uko ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za namna hii India, wenye urefu wa mita 45 hivi, mbavu za mbao halisi zimesalia darini tangu yapata miaka 1,900 iliyopita. Basi mwamba umetuhifadhia umbo la kitu ambacho chenyewe kilitoweka. Mtu anapobadili chombo cha ibada yake, mara nyingi hubaki na umbo la kile alichokizoea.

4. Alama na sanamu

Hapa tunafikia jambo linalomgusa sana msomaji wa theolojia. Katika kumbi za kale za Ajanta, pango la 9 na la 10, stupa ilichongwa bila sanamu yoyote ya Buddha. Ndivyo ilivyo pia katika kazi nyingine za Kibudha za wakati huo. Mahali ambapo tungetazamia kumwona mwalimu mwenyewe, tunaona mti, gurudumu, nyayo za miguu, au kiti kitupu. Wataalamu wangali wakijadiliana kama hilo lilitokana na katazo, au kwamba picha hizo zilionyesha mahali patakatifu palipozuriwa baada yake. Lakini jambo lenyewe ni wazi: kwa karne kadhaa watu walimheshimu Buddha kwa alama, bila sura.

Sanamu za Buddha katika umbo la mwanadamu zilianza kuonekana kwa wingi yapata karne ya kwanza B.K., huko Gandhara na Mathura. Kipindi cha pili cha Ajanta kilipofika, badiliko lilikuwa limekamilika. Katika pango la 19 na la 26 stupa ingalipo mahali pake, lakini mbele yake Buddha mwenyewe amechongwa kana kwamba anatoka ndani yake. Nyumba za watawa nazo zilibadilika. Katika ukuta wa nyuma, kuikabili milango, kilichongwa chumba kitakatifu chenye sanamu kubwa ya Buddha akifundisha. Aliyekuwa ameondoka sasa alikuwa na chumba chake miongoni mwa watawa, kana kwamba ni mmoja wa wakazi.

Tunapoona hayo, ni rahisi kutamka neno "kuabudu sanamu" na kwenda zetu. Lakini neno likitamkwa mapema mno huzuia kuona. Buddha, kwa mafundisho ya dini hiyo, hakuumba ulimwengu, naye si hakimu wake. Mbele ya sanamu yake watu wamefanya mambo mengi tofauti: wengine wameomba msaada, wengine wamemkumbuka mwalimu, wengine wametuliza akili zao kwa kumtazama yeye aliyetulia. Kutofautisha mambo hayo si kuyakubali yote. Ni kuyafahamu kabla ya kuyapima. Mwanafunzi ambaye ameziona hatua za safari hiyo, toka kiti kitupu hadi sura ya mwanadamu, atakuwa pia tayari zaidi kuisoma historia ndefu ya mabishano juu ya picha ndani ya Ukristo wenyewe.

5. Picha za ukutani

Sifa kuu ya Ajanta ni picha zake. Ukuta wa mwamba uliochongwa ulipakwa kwanza udongo uliochanganywa na nyuzi za mimea na mbegu ili ushike. Juu yake ilipakwa tabaka nyembamba ya chokaa, na picha ilichorwa juu ya ukuta uliokwisha kukauka. Rangi nyekundu na ya manjano zilitokana na udongo, nyeupe na chokaa, nyeusi na masizi. Buluu ilitokana na jiwe la lapisi lazuli, ambalo machimbo yake yalikuwa mbali, milimani Afghanistan.

Picha nyingi zinasimulia jataka, yaani hadithi za maisha yaliyotangulia ya Buddha. Katika pango la 17 imechorwa hadithi ya mwana wa mfalme aitwaye Vishvantara. Mtu huyo hakuweza kumnyima mwombaji kitu chochote. Alimtoa tembo mweupe aliyeiletea nchi yake mvua, na watu wakakasirika, akafukuzwa. Njiani alitoa gari lake na farasi. Msituni alitoa watoto wake, na mwisho hata mkewe, ingawa hatimaye wote walirudishwa kwake. Hadithi hii haikukusudiwa kumfurahisha msikilizaji tu. Inamsumbua. Wasikilizaji wa kale nao waliona uchungu wa watoto hao, na swali lililobaki ni hili: je, ukarimu una mpaka? Mchoraji hakujibu, alizichora nyuso zao.

Tukumbuke pia kwamba picha hizi hazikuonekana kama tunavyoziona leo vitabuni, zikiwa zimemulikwa kwa taa kali. Zilionekana kwa mwanga wa taa ndogo za mafuta, na kwa mwanga wa jua uliorudishwa kutoka mlangoni. Hadithi haikutandazwa kwa mfululizo kama kurasa; matukio yamesongamana, na mtazamaji alihitaji msimulizi wa kumwonyesha kwa kidole. Picha na neno vilikwenda pamoja.

6. Aliyelipa ni nani?

Watawa waliokana mali walikaa katika majumba ya gharama kubwa. Hilo ni swali la kweli, na maandishi yaliyochongwa ukutani hayalifichi.

Huko Karla nguzo na milango ina majina ya waliotoa. Miongoni mwao yuko mwuza manukato, yuko seremala, wako watawa wa kike, na wako watu wanaojiita Wayavana, jina walilopewa Wagiriki na wageni wa upande wa magharibi. Ilikuwa kazi ya wengi, kila mmoja na nguzo yake. Katika kipindi cha pili cha Ajanta hali ilikuwa nyingine. Pango la 16 lilitolewa na Varahadeva, waziri wa mfalme Harishena wa Vakataka. Pango la 26 lilitolewa na mtawa aitwaye Buddhabhadra kwa kumkumbuka rafiki yake Bhavviraja, waziri wa nchi ya Ashmaka. Maandishi yake yanaeleza sababu ya kuchagua mwamba: kumbukumbu iliyowekwa mlimani hudumu muda wa mwezi na jua.

Kutegemea wakuu wachache kuna hatari yake. Mtaalamu Mmarekani Walter Spink, aliyeyachunguza mapango haya kwa miongo mingi, alitoa hoja kwamba karibu kazi yote ya kipindi cha pili ilifanyika kwa muda wa miaka ishirini hivi tu, na kwamba kifo cha Harishena, yapata mwaka 477, kiliikatiza ghafula. Si wataalamu wote wanaoukubali muda mfupi kiasi hicho. Lakini mtu yeyote anayetembea Ajanta huona kwamba kazi ilikoma kabla ya kwisha: nguzo zilizochongwa nusu, kuta zisizosawazishwa, vyumba vilivyoanzwa na kuachwa. Ukumbi uliolipiwa na wengi unaweza kumpoteza mfadhili mmoja na kuendelea. Ukumbi wa waziri mmoja husimama pale alipoanguka yeye. Viongozi wa makanisa wanaopanga majengo wanaweza kulitafakari jambo hilo bila sisi kuongeza neno.

7. Kusahauliwa, na kuharibiwa na wapendao

Karne za baadaye watawa walipungua, kisha wakaondoka. Msitu ulifunga korongo, na popo wakakaa katika kumbi. Watu wa vijiji vya jirani walipajua mahali hapo, lakini ulimwengu wa nje ulipasahau. Mwezi Aprili 1819 afisa wa jeshi la Kiingereza aitwaye John Smith, akiwa katika mawindo, aliona tao la pango la 10. Aliingia, akachora jina lake na tarehe juu ya nguzo, mwilini mwa picha ya kale. Leo jina hilo liko juu kuliko kichwa cha mtu, kwa sababu siku ile alisimama juu ya kifusi kilichojaza sakafu.

Yaliyofuata ni historia ya huzuni, kwa kuwa wengi walioiharibu Ajanta waliipenda. Kuanzia 1844 Robert Gill alitumia miaka mingi kunakili picha hizo kwa mkono. Nakala zake nyingi ziliteketea kwa moto London mwaka 1866. John Griffiths na wanafunzi wake kutoka Bombay walianza upya mwaka 1872, na nyingi za nakala zao nazo ziliungua baadaye huko London. Wanakili walipaka vanishi ukutani ili rangi ing'ae. Katika miaka ya 1920 mtawala wa Hyderabad alileta mafundi kutoka Italia, nao wakaimarisha plasta iliyokuwa ikianguka, lakini wakapaka vanishi zaidi. Vanishi hiyo iligeuka rangi, ikashika vumbi, na kuzifunika picha kwa utando wa kahawia. Wahifadhi waliokuja baadaye wamelazimika kuiondoa kidogo kidogo.

Wageni wa leo wanaongeza madhara yao. Kila mtu anayeingia pangoni huleta joto la mwili na unyevu wa pumzi, na udongo uliopakwa ukutani ni dhaifu. Ndiyo sababu viatu huvuliwa, mwanga mkali wa kamera umekatazwa, na idadi ya wanaoingia kwa mara moja hupunguzwa. UNESCO iliandika Ajanta na Ellora katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. Heshima hiyo huleta ulinzi, nayo huleta umati.

8. Njia ya kwenda Mashariki

Desturi ya kuchonga mahekalu ilisafiri pamoja na wafanyabiashara na watawa. Huko Bamiyan, Afghanistan, sanamu mbili za Buddha, moja ya mita 55 na nyingine ya mita 38, zilisimama katika genge tangu karne ya sita au ya saba hivi. Mwezi Machi 2001 Taliban walizilipua, wakisema kwamba ni sanamu za ibada. Wakati huo hapakuwa tena na Wabudha wakiziabudu. Kilichobaki ni mashimo mawili marefu ndani ya mwamba.

Huko Dunhuang, China, mapokeo husema kwamba mtawa mmoja alianza kuchimba mwaka 366, na leo yako mamia ya mapango yenye picha. Mwaka 1900 kiligunduliwa humo chumba kidogo kilichofungwa tangu karne ya kumi na moja, kikiwa kimejaa maandishi makumi ya maelfu. Miongoni mwake yalikuwamo maandishi ya Kikristo kwa lugha ya Kichina, ukiwamo wimbo wa kusifu Utatu, ambao sasa uko Paris. Na picha ya hariri ya mtu mwenye msalaba katika taji lake, ambayo sasa iko London. Hayo ni mabaki ya Kanisa la Mashariki, ambalo mjumbe wake Alopen alifika China mwaka 635. Makanisa yao ya wakati ule yameanguka. Sehemu ya ushuhuda wao iliyosalia ilihifadhiwa ndani ya hekalu la Wabudha. Anayefikiri juu ya Bamiyan hana budi kufikiri juu ya jambo hilo pia.

9. Wanaozuru leo

Kosa la mwisho tunalopenda kuonya ni kudhani kwamba mapango haya ni makumbusho ya dini iliyokufa. Tarehe 14 Oktoba 1956, huko Nagpur, Dk. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kamati iliyoandaa katiba ya India, aliingia dini ya Kibudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Wao walikuwa Wadalit, watu walioitwa najisi, ambao mahekalu mengi yaliwafungia milango. Mwaka 1930 walikuwa wamesimama nje ya hekalu la Kalaram huko Nashik wakidai kuingia. Sensa ya 2011 ilihesabu Wabudha milioni 8.4 hivi nchini India, na zaidi ya robo tatu yao wako Maharashtra, jimbo lile lile la Ajanta na Karla. Basi yule mama mwenye sari nyeupe anayepiga magoti mbele ya stupa, huku watalii wakisubiri zamu ya kupiga picha, hakuja kutazama mambo ya kale. Amekuja mahali ambapo hakuna mlango wa kumzuia.

Kwa anayepata nafasi ya kuzuru, tunashauri hivi. Kwanza, aende asubuhi, na akumbuke kwamba Ajanta hufungwa Jumatatu na Ellora Jumanne. Mji wa kufikia ni ule ulioitwa Aurangabad, ambao mwaka 2023 ulibadilishwa jina kuwa Chhatrapati Sambhajinagar. Ajanta iko kilomita 100 hivi kutoka hapo, na Ellora 30. Pili, asikimbilie mapango yote. Aanze na la 10, kisha la 12, la 1, la 17 na la 26. Atakuwa ameona stupa, kitanda cha mtawa, picha, na sanamu ya Buddha aliyelala katika kifo chake, yenye urefu wa mita saba. Tatu, akae gizani kimya mpaka macho yazoee. Nne, ampishe anayeabudu. Tano, asiguse ukuta.

Hitimisho

Tumeona kwamba mahekalu haya yalizaliwa na kanuni ya mvua, yakakuzwa na biashara, yakapambwa kwa hadithi za ukarimu, yakakatizwa na kifo cha wakuu. Yameumizwa na waliochukia sanamu na pia na waliozipenda. Maandishi ya pango la 26 yalitumaini kwamba kumbukumbu ya mwambani ingedumu muda wa mwezi na jua. Mwamba kweli umedumu. Lakini plasta iliyo juu yake, ambayo ndiyo iliyobeba nyuso na hadithi, ina unene wa kidole tu au pungufu. Ikiwa wanafunzi wetu watakwenda huko, au wataifundisha dini hii darasani wakiwa hapa hapa, tunaomba wachukue tahadhari ile ile: waitazame imani ya wengine kwa makini, kwa ukaribu unaotosha kuiona, wala wasiiwekee vanishi yao ili ing'ae wanavyotaka wao, wala wasiandike majina yao juu yake.